Sura ya Sita: Picha Njia Yake, Sauti Njia Yake

Ukitoka Mwansabombwe, Zambia, kwenye makao ya chifu Mwata Kazembe kando ya maji ya Mofwe, ukafuata barabara kwenda kaskazini hadi Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi, unapita katika ukanda ambao chombo cha picha hakitupwi mapema. TV ya chogo iliyonunuliwa enzi za kanda za VHS ingali inawaka dukani. Deki ya DVD imeunganishwa na skrini bapa iliyoletwa juzi kutoka Lusaka. Shule ina projekta ya msaada yenye tundu la VGA peke yake, na mwalimu ana laptopu yenye tundu la HDMI peke yake. Ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Kongo, na vyombo huvuka pamoja na wenyewe. Kuanzia Agosti 2017 watu waliokimbia mapigano upande wa Katanga na Tanganyika walipokelewa Kenani, na Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge. Wengi wao walikuja na Kiswahili chao, wakakutana na Kibemba cha wenyeji.

Kwa hiyo anayetaka kuonyesha filamu hapa, iwe ya burudani, ya kanisa au ya somo la malaria, karibu kila mara anaunganisha vyombo ambavyo havikutengenezwa vikutane. Ushauri wangu ni mmoja, na sura nzima imesimama juu yake: usianze kwa kutafuta waya unaoingia kwenye tundu. Anza kwa kufuata safari mbili. Picha inatoka wapi, inapita wapi, inaishia wapi? Kisha uulize hayo hayo kuhusu sauti. Waya wa HDMI umetuzoesha kuona picha na sauti kuwa kitu kimoja, na mafundi wengi vijana hukwama hapo. Kwenye mwambao huu, mara nyingi zinafika salama zikitenganishwa.

Kuzitenganisha si jambo jipya. Kati ya 1935 na 1937, Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, waliendesha mradi wa filamu wenye makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Filamu zao za milimita 16 hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, zikachezwa sambamba na picha, sauti ikipita kwenye kikuza sauti hadi kwenye spika. Lori lao lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani, Rhodesia ya Kaskazini ikiwemo. Faida ya mpango huo ilikuwa kubwa: filamu ile ile moja iliweza kusemeshwa lugha nyingine kwa kubadilisha sahani tu. Mengi katika mradi ule yalikuwa ya kikoloni na siyatetei, lakini mpangilio wao wa mitambo ulikuwa wa busara, na utaurudia mwenyewe siku utakapoonyesha filamu ya Kiingereza mbele ya wasikilizaji wa Mantapala.

Tuanze na waya tatu za zamani, njano, nyekundu na nyeupe, maana ndizo utakazozikuta mara nyingi zaidi. Njano hubeba picha yote. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Ndani ya plastiki ni waya za aina moja, kwa hiyo ukikatikiwa na ya njano unaweza kupitisha picha kwenye nyeupe, mradi ncha zote mbili ziingie kwenye matundu ya njano, kisha ukabaki na sauti ya upande mmoja. Kwa filamu nyingi hakuna atakayelalamika. Kinachosumbua zaidi ni pete ya nje ya kichwa cha waya. Pini ya katikati ikigusa vizuri na pete ikalegea, utasikia mvumo mzito kwenye spika, au picha itacheza. Ibane pete kidogo kwa vidole kabla hujalaumu deki.

Malalamiko utakayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, picha ipo lakini haina rangi." Nayapa nafasi hapa, kwa sababu ugonjwa huo una vyanzo viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Chanzo cha kwanza ni mfumo wa rangi. Marekani ilianza na NTSC mwaka 1953. Ufaransa ikatengeneza SECAM, na Ujerumani Magharibi ikafuata PAL, kazi ya mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Mifumo yote hiyo miwili ya Ulaya ilianza kurushwa hewani mwaka 1967. Afrika ilirithi mgawanyo huo kufuatana na nani alitawala wapi na nani aliuza mitambo. Zambia, Tanzania na Kenya zikawa za PAL, na Zanzibar ilianza nayo mapema, kwani televisheni yake ya rangi ilianza mwaka 1973, zaidi ya miaka 20 kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chochote. Kongo, enzi ikiitwa Zaire, ilifuata SECAM. Ziwa Mweru basi lilikuwa mpaka wa rangi pia: kanda iliyorekodiwa hewani upande mmoja, ikichezwa kwenye TV ya mfumo mmoja ya upande wa pili, ilitoa picha kamili isiyo na rangi. Mwanga wa picha husafiri kwa namna inayofanana katika mifumo hii miwili, rangi ndiyo hufungwa kwa namna tofauti, na TV isiyojua kuifungua huiacha.

Siku hizi TV nyingi zinajua mifumo yote, lakini deki ya DVD bado ina mahali pa kuchagua PAL, NTSC au AUTO. Ifungue menyu yake, utafute palipoandikwa TV TYPE, uweke PAL kwa TV ya chogo ya zamani na AUTO kwa nyingine. Rimoti nyingine zina kitufe cha P/N kinachofanya kazi hiyo moja kwa moja.

Chanzo cha pili ni tundu la kijani. Deki nyingi zina matundu mengine matatu ya picha: kijani, bluu na nyekundu. Hayo hugawa picha sehemu tatu, na la kijani hubeba mwanga peke yake. Ukichomeka waya wa njano upande wa deki kwenye kijani, unapata picha kali, nzuri, nyeusi na nyeupe. Skrini bapa zimeongeza mtego, kwa sababu nyingi zimeunganisha kijani na njano katika tundu moja. Waya unaweza kuwa sahihi kabisa na rangi ikakosekana kwa kuwa kwenye SOURCE umechagua COMPONENT badala ya AV.

Ugonjwa wa jirani ni wa picha kuvurugika kabisa, na chanzo chake ni waya wenyewe, ule mfupi wenye pini moja nyembamba upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. Pini hiyo ina mikanda minne, na watengenezaji hawakukubaliana mpangilio. Waya wa kamera ukiuchomeka kwenye king'amuzi unaweza kupeleka sauti kwenye njano na picha kwenye nyekundu. Utaona mistari inayorukaruka kufuata muziki, na spika ikinguruma. Badilisha vichwa vya rangi kimoja kimoja upande wa TV hadi picha itokee. Wakati mwingine hata hilo halisaidii, maana ardhi ya umeme iko kwenye mkanda mwingine kabisa. Hapo tafuta waya uliokuja na chombo.

Kabla sijaondoka kwenye deki, kuna kitufe cha rimoti kiitwacho V-MODE. Hubadilisha tundu ambalo deki inatolea picha. Mtoto akikikalia, picha ya njano hutoweka au huanza kutiririka, na familia huamini deki imekufa. Toa diski, kibonyeze mara moja, subiri sekunde chache, kibonyeze tena, hadi picha irudi. Deki nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa ugonjwa huu hazina ugonjwa.

Diski nayo ina siasa yake. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia kwa namba: Afrika kusini mwa Sahara ikapewa 5, lakini Afrika Kusini yenyewe ikawekwa kwenye 2 pamoja na Ulaya. Zambia inanunua bidhaa nyingi Afrika Kusini, kwa hiyo diski halali iliyonunuliwa Johannesburg inaweza kukataliwa na deki halali ya Nchelenge. Deki nyingi za bei nafuu hazijali namba hizo, na katika hili ni bora kuliko zile za bei kubwa.

Sasa tuje kwenye kukutanisha cha zamani na kipya, ambako watu hupoteza fedha zaidi. Laptopu ina HDMI, TV ya chogo ina njano. Sokoni utauziwa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande mwingine, mtupu, usio na kitu katikati. Usiununue kwa kazi hii. HDMI hutoa tarakimu, na njano hutaka mawimbi. Shaba haiwezi kugeuza moja kuwa nyingine, lazima kuwe na kifaa cha kufanya hesabu hiyo, na kifaa hicho lazima kipewe umeme.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo cha plastiki, cheusi au cheupe, kinachokaa kiganjani. Kipo kimoja cha kutoa HDMI kwenda AV na kingine cha kutoa AV kwenda HDMI, na vinafanana kama mapacha: umbo lile lile, matundu yale yale, bei ile ile. Tofauti iko kwenye maandishi. HDMI2AV inapokea kutoka laptopu na kupeleka kwenye chogo. AV2HDMI inapokea kutoka deki na kupeleka kwenye skrini bapa au projekta. Hakifanyi kazi kinyumenyume. Kabla hujalipa, soma neno INPUT limeandikwa upande gani, na ujiulize chanzo chako kina tundu gani. Kisha angalia vitu viwili zaidi: waya wa umeme wa USB, ambao lazima uchomekwe hata kama taa ya kisanduku imewaka hafifu bila huo, na swichi ndogo ya PAL na NTSC ubavuni.

Hata ukifaulu, picha ya laptopu ikishuka kwenye njano inabaki na mistari 576 tu ya kwenda chini. Filamu itapendeza. Maandishi madogo ya somo hayatasomeka, kwa hiyo mwalimu akuze herufi au atafute skrini nyingine. Na kuna filamu za kulipia mtandaoni ambazo menyu yake inaonekana, lakini filamu ikianza skrini inakuwa nyeusi. Hapo waya hauna kosa, ni kinga ya hakimiliki inayoitwa HDCP, ambayo imekikataa kisanduku chako.

Kwenye projekta, VGA ingali hai. IBM iliileta mwaka 1987, tundu la pini 15 katika safu tatu, na kila rangi ina pini yake. Jambo hili humsaidia sana fundi. Picha ikiwa ya manjano yote, bluu haifiki. Ikiwa ya zambarau inayoelekea pinki, kijani haifiki. Ikiwa ya samawati iliyochanganyika na kijani, nyekundu haifiki. Chomoa, tazama ndani ya kichwa cha waya kwa tochi ya simu, utaiona pini iliyolala. Inyanyue taratibu kwa ncha ya kalamu. Baada ya hapo kaza skrubu mbili za pembeni, maana zimewekwa kwa sababu.

Kutoka laptopu ya HDMI kwenda projekta ya VGA unahitaji tena kigeuzi. Unganisha vyote kwanza, washa projekta, uiache ikae sawa, ndipo uwashe laptopu. Vinapokutana, projekta huieleza laptopu inaweza kuonyesha picha za ukubwa gani, na laptopu huchagua. Projekta ikiwa haijaamka, laptopu hubahatisha, na mara nyingi hukosea. Kama ukutani bado hakuna kitu, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze P. Yatatokea machaguo manne: skrini ya laptopu tu, zote mbili sawa, kupanua, au skrini ya pili tu. Wengi huchagua la pili, kisha wanashangaa picha imebanwa au ina ukungu. Laptopu nyingi ni 1366 kwa 768, na projekta nyingi za shule ni 1024 kwa 768. Ukizilazimisha zifanane, mojawapo itaumia. Chagua skrini ya pili tu, projekta ipate ukubwa wake wa asili.

Sauti sasa. VGA haina sauti kabisa, na HDMI inayo lakini huipeleka inakokwenda picha. Ikienda kwenye projekta, itaishia kwenye spika ndogo iliyo ndani yake, nyuma ya watazamaji, huku feni ikivuma. Mahali pa spika ni mbele, chini ya shuka linaloonyeshewa picha. Acha laptopu karibu na projekta ili waya wa HDMI uwe mfupi, kwa kuwa waya wa kawaida ukizidi mita 10 hivi picha huanza kukatikakatika. Chukua sauti kwenye tundu la hedifoni la laptopu, uipeleke mbele kwa waya mrefu wa kawaida, nayo itafika bila taabu. Kumbuka kuiambia laptopu: bonyeza alama ya spika pembeni chini, uchague hedifoni badala ya HDMI. Kama spika zinavuma, chomoa chaja ya laptopu kwa muda. Mvumo ukikoma, umejua unatoka kwenye chaja.

Njia mbili zikitofautiana, moja hufika mapema. Skrini bapa hutumia muda kuipamba picha, basi sauti iliyopita kwenye waya wake hutangulia, na midomo huonekana imechelewa. Kwenye programu ya VLC, herufi K huichelewesha sauti kidogo kidogo na J huiwahisha. Mweke mtu mbele ya shuka akuonyeshe ishara.

Sauti ikishakuwa na njia yake, mtafsiri anapata nafasi. Lufufu alijipatia jina Tanzania kwa kuzisemesha filamu za kigeni Kiswahili. DJ Afro anafanya hivyo Kenya, na VJ Jingo Uganda kwa Kiganda. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na vifaa vyake ni vichache: njano inakwenda kwenye TV, nyekundu na nyeupe zinakwenda kwenye mikisa, yaani kichanganya sauti, pamoja na kipaza sauti, kisha mikisa inakwenda kwenye spika. Mtafsiri avae hedifoni asikie filamu, na mkono wake mmoja ubaki kwenye kitufe cha sauti ya filamu, aishushe anapozungumza na kuipandisha risasi zinapolia. Mantapala mtafsiri akijua Kiswahili na Kibemba, wakimbizi na wenyeji wanaweza kukaa mkeka mmoja. Sijui vifaa vingine vichache hivi vinavyoweza kufanya hivyo.

Limebaki la umeme, na hapa mipango mingi hufia. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, na mgao wa umeme ulifika saa nyingi kwa siku. Waliokuwa na sola ndio walioendelea. Piga hesabu kabla hujatangaza onyesho. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Inveta itakula sehemu yake, ubaki na kama 500. Projekta ya ofisini hula wati 280 hivi, laptopu 45, spika 30. Jumla ni 355, na betri itakuacha kabla ya saa moja na nusu, filamu ikiwa imefika patamu. Betri hiyo hiyo ikiendesha TV ya LED ya inchi 32, deki na spika, jumla kama wati 85, itakupa saa tano na zaidi. Kwa watu 40 barazani, TV inatosha. Kwa uwanja mzima, leta jenereta na mafuta ya akiba. Projekta ndogo za LED zinavumilia betri vizuri, lakini usiamini namba kubwa za mwanga kwenye boksi, tafuta zile zilizoandikwa ANSI.

Panga saa na siku pia. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na kabla ya saa moja ukutani hakuna kitakachoonekana. Chisense, samaki wadogo wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali kazi hiyo hupungua, kwa hiyo wiki ya mwezi mpevu ndiyo wavuvi wengi wako nchi kavu jioni.

Filamu ikiisha, watu huinuka wote pamoja na mtu mmoja hukimbilia kuzima jenereta. Mzuie. Taa ya projekta ya ofisini ina gesi yenye shinikizo kubwa na joto la kuyeyusha plastiki. Bonyeza kitufe cha kuzima mara mbili, uache feni izunguke hadi isimame yenyewe, dakika moja au mbili, ndipo ukate umeme. Taa mpya inaweza kugharimu karibu nusu ya projekta, na kuipata itabidi uagize Lusaka au Ndola. Wakati feni inazunguka, kunja waya za sauti kwa mduara mpana, usizizungushe kiwikoni, na uzifunge kila moja peke yake.